Naomba ushauri: kano ya bega imechanika kiasi, niendelee na mazoezi au nikubali sindano?

Ndugu wanachama, salaam. Nina umri wa miaka 47, na bega langu la kulia limekuwa likiuma kwa wiki 9, tangu siku niliponyanyua ndoo ya rangi juu ya kichwa. Usiku siwezi kulalia upande huo, na nikivaa shati inanibidi nianze na mkono mbovu.

Eksirei haikuonyesha tatizo, kwani (nimeelewa baadaye) hainasi vizuri kano, yaani nyuzi ngumu zinazounganisha msuli na mfupa. Ultrasaundi ndiyo iliyobaini kwamba kano ya supraspinatasi, mmoja wa misuli minne inayoshikilia kichwa cha mfupa wa mkono katika tundu lake, imechanika kiasi.

Nimepumzisha bega, nimetumia ibuprofeni kwa siku 10, kisha mazoezi ya kuvuta mpira (utepe unaonyumbuka) kwa wiki 3. Nguvu zimerudi kidogo, ila maumivu ya usiku yako palepale. Daktari amependekeza sindano ya steroidi (dawa ya kupunguza uvimbe na maumivu), nami nasita, kwa kuwa nafuu yake mara nyingi ni ya muda na kuirudiarudia kunaweza kudhoofisha kano.

Je, ni busara kuyapa mazoezi wiki 12 kamili kabla ya kukubali sindano? Na maumivu yanayozuka baada ya zoezi yakatulia kufikia asubuhi, niyavumilie au nipunguze mvuto wa mpira?