MREJESHO: Plaiwudi iliyofumuka kwenye boti yangu

Wakuu, nimerudi. Mwezi uliopita niliuliza kwa nini sakafu ya boti yangu ya uvuvi, huku Kunduchi, imevimba na kufumuka miezi minne tu baada ya kuwekwa plaiwudi mpya ya milimita 12, niliyouziwa kama "marini", yaani ya kutengenezea boti. Wengi mlisema nikate kipande nikichemshe, nione kama gundi yake inastahimili maji.

Nimechemsha. Kipande cha ukubwa wa kiganja, sufuria, jiko la mkaa. Saa moja haijaisha, matabaka yameachana kama kurasa za daftari lililoloa. Gundi ya kustahimili maji haiachii hivyo. Na pale msumeno ulipopita nikaona mianya katikati, njiti ya kiberiti inaingia yote. Maji yalikuwa yanatembea humo ndani huku rangi ya juu ikiwa nzima kabisa.

Kumbe madukani jina la "marini" hupewa hata zile bodi nyeusi za kumwagia zege. Plaiwudi ya boti ina kiwango chake, BS 1088 cha Uingereza, ila mhuri pekee usikutulize. Mhuri mtu yeyote anaweza kuugonga.

Muuzaji amegoma kurudisha hela. Imeniuma, maana vijana wanne wanakula kupitia boti hiyo.

Fundi ameng'oa yote. Safari hii niliomba kipande nikakichemsha kabla ya kulipa, kikatoka kizima. Kingo zote tumezipaka epoksi, ile gundi ngumu ya kuzuia maji, mara tatu, na matundu ya skrubu pia. Jumatatu tunaishusha majini. Asanteni sana.