Beki wa mechi 377 anaitwa "yule aliyeng'atwa"? Mchambuzi wetu ametukosea sana

Wakuu, nimezima redio sasa hivi na mikono bado inanitetemeka. Mchambuzi wetu yule, ambaye nyote mnamfahamu na sina haja ya kumtaja, aliulizwa na msikilizaji swali la heshima kabisa: Branislav Ivanović, yule Mserbia wa Chelsea, alikuwa beki wa namna gani? Akacheka, akajibu, "Si yule aliyeng'atwa na Suárez?" Alimaanisha Luis Suárez, mshambuliaji wa Liverpool wakati ule. Halafu akapokea simu nyingine.

Aliyeng'atwa! Mtu amekaa Chelsea miaka tisa, amecheza mechi 377 na kufunga mabao 34 akiwa beki, amechukua Ligi Kuu mara tatu na Kombe la FA mara tatu, na yote hayo yamefunikwa na alama za meno kwenye mkono. Mchambuzi wa namna hii ukimwuliza habari za Mlima Kilimanjaro atakuambia ni pale shemeji yake alipoteguka mguu.

Kijana huyu alitoka Sremska Mitrovica, akapita OFK Beograd na Lokomotiv Moscow, akasajiliwa na Chelsea katika dirisha dogo la Januari 2008. Msimu ule ukaisha bila yeye kugusa mpira katika mechi hata moja ya ushindani. Wangapi wangeomba kuondoka? Yeye alisubiri, na tarehe 8 Aprili 2009, katika robo fainali ya Ligi ya Mabingwa, akaruka mara mbili kwenye kona na kuwafunga Liverpool mabao mawili ya kichwa pale Anfield, uwanjani kwao, Chelsea ikashinda 3-1. Ni Anfield ileile, wakuu, ambayo mchambuzi anaikumbuka kwa meno tu.

Na hata hayo meno hakuyaeleza sawasawa. Aling'atwa tarehe 21 Aprili 2013, mwamuzi hakuona, na aliyemng'ata akabaki uwanjani mpaka akasawazisha katika dakika za mwisho kabisa, ndipo baadaye akafungiwa mechi 10. Siku 24 baada ya tukio hilo, Amsterdam, fainali ya Ligi ya Europa dhidi ya Benfica, matokeo yakiwa 1-1 na dakika ya 93 ikiwa imefika, Juan Mata wa Chelsea akapiga kona. Nani alipaa na kufunga? Aliyeng'atwa!

Kitasa Mstaafu: Nakuunga mkono kwa moyo wote, na nimeshangaa umewasahau Napoli. Katika Ligi ya Mabingwa Chelsea ilikuwa imefungwa 3-1 kule Italia, na bao lililoivusha katika muda wa nyongeza pale Darajani, yaani nyumbani Stamford Bridge, tarehe 14 Machi 2012, lilikuwa la Ivanović. Kisha kadi ya njano katika nusu fainali dhidi ya Barcelona ikamnyima fainali ya Munich. Mchambuzi huyo angetaka kueleza machungu ya beki huyu, angeanzia hapo kabla ya kwenda kwenye meno.

Mwana wa Makorora: Mleta uzi, mchambuzi amelitamka neno hilo mara moja, wewe umeandika habari za meno katika kila aya. Kama nia yako ilikuwa tulisahau tukio lile, umetukumbusha hata sisi tuliokuwa tumelisahau. Nenda ukalale, kesho kuna kazi.

Mleta uzi: Silali. Ningelala kama angesema alikuwa mzito, kwa sababu msimu wa 2015/16 mawinga walimpita mno na hilo linajadilika. Kusema "aliyeng'atwa" si hoja ya mpira. Ni kumvua mtu kazi yake yote na kumwachia jeraha alilotiwa na mwingine.

Shetani Mwekundu wa Kigamboni: Ninyi wa Darajani mnalia kwa neno moja, basi sisi tuseme nini? Mchambuzi huyohuyo kila akimtaja Nemanja Vidić, beki wetu wa Manchester United, husema ni yule aliyesumbuliwa na Fernando Torres wa Liverpool. Nahodha aliyetoka Spartak Moscow Januari 2006, akachukua ubingwa wa ligi mara tano na Ligi ya Mabingwa mwaka 2008, akachaguliwa mara mbili kuwa mchezaji bora wa msimu wa Ligi Kuu, anakumbukwa kwa alasiri moja! Huyo ndiye Mserbia aliyedhulumiwa kuliko wote.

Mama Zuhura: Kaka zangu, mnagombania wawili huku Mserbia mwingine, beki Aleksandar Kolarov, hatajwi kabisa. Alitoka Lazio mwaka 2010, akatumikia Manchester City miaka saba, akarudi Italia na kuvaa jezi ya Roma, mahasimu wa Lazio, bila kujali kelele za waliomjua kwa rangi za Lazio, na katika Kombe la Dunia la 2018 kule Samara, Urusi, akawafunga Costa Rica kwa mpira wa adhabu uliokwenda moja kwa moja pembeni juu. Bora hata hao wanaodhihakiwa, maana angalau wanatajwa.

Kitasa Mstaafu: Dada, Kolarov tunamheshimu, lakini ndugu yetu wa Kigamboni asituletee Vidić hapa kana kwamba wanalingana. Ivanović amecheza mechi 105 za timu ya taifa, na alicheza kulia na katikati bila kulalamika.

Shetani Mwekundu wa Kigamboni: Beki wa kati hahitaji kuhamahama. Msimu wa 2008/09 United ilicheza mechi 14 za ligi mfululizo bila kuruhusu bao. Nitajie Chelsea ya Ivanović iliyofanya hivyo.

Kitasa Mstaafu: Katika msimu huohuo, tarehe 14 Machi, Liverpool waliwafunga 4-1 nyumbani kwenu na Vidić akatolewa kwa kadi nyekundu. Tarehe 14 Machi ya kwetu nimekwisha kuieleza hapo juu.