Nimeitwa kurudi kazini baada ya kustaafu: je, afya itahimili?

Mtunza Ghala
Ndugu zangu, wakubwa shikamooni. Nilistaafu mwaka jana, na sasa mwajiri wangu wa zamani ananiita nirudi ghalani kwa mkataba wa miezi sita, zikiwemo zamu mbili za usiku kila wiki. Nina shinikizo la juu la damu ambalo limetulia tangu nistaafu, ingawa sifichi kwamba kukaa nyumbani kumeanza kunichosha kuliko kazi yenyewe. Mke wangu anasema nakwenda kujimaliza. Rafiki yangu anasema anayekaa bure ndiye anayezeeka haraka. Nimsikilize yupi?

Muuguzi Mstaafu
Marahaba. Rafiki yako hajakosea kabisa: utafiti wa Whitehall II, uliowafuatilia watumishi wa serikali wa Uingereza kuanzia mwaka 1985, ulionyesha kuwa kumbukumbu ya maneno hupungua kwa kasi zaidi baada ya kustaafu. Hata hivyo, anayerudi kazini mara nyingi ni yule ambaye bado ana nguvu, kwa hiyo ukimlinganisha na aliyebaki nyumbani, kazi inaweza kusifiwa kwa uzima ambao mtu alikuja nao. Kinachonitia wasiwasi ni hizo zamu za usiku. Kwa kawaida shinikizo la damu hushuka tunapolala usiku, na anayekesha huikosa nafuu hiyo, kwani usingizi wa mchana, hasa kwa umri wetu, huwa mfupi na wa kukatikakatika. Mimi ningezikataa kabla hata ya kuzungumzia mshahara.

Fundi Mzee
Mimi nilirudi nikiwa na miaka 63. Nilikuwa nameza kidonge cha kupunguza maji mwilini, na kwa kuwa choo kilikuwa mbali na mashine yangu, nikawa nakiacha kwenye mfuko wa shati hadi jioni. Mara mbili mke wangu alikikuta kimeyeyuka wakati wa kufua. Miguu ilivimba hata soksi zikawa zinaacha mfereji juu ya kifundo. Daktari hakuniambia niache kazi: alibadilisha saa ya kumeza dawa, nami nikaomba kuhamishiwa karibu na choo. (Kuomba jambo hilo mbele ya vijana kulinitoa jasho kuliko mashine.)

Msomaji
Angalia pia jumla ya saa. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani na Shirika la Kazi Duniani yalieleza kuwa kufanya kazi saa 55 au zaidi kwa wiki huambatana na hatari ya kiharusi iliyo juu kwa asilimia 35, ikilinganishwa na saa 35 hadi 40.

Mtunza Ghala
Nashukuru. Mwajiri amekubali siku tatu kwa wiki, mchana tu. Suala la choo sikuwa nimelifikiria: kiko ng'ambo ya uwanja wa kupakilia mizigo, na dawa yangu ni hiyohiyo. Kabla ya kutia saini nitamwona daktari kuhusu saa ya kuimeza.