Sanamu za muvi: zisimame wima au ziwe vitani? (Mjadala, Bagamoyo)

Kabati la Dunda
Wadau wa Bagamoyo, za jioni. Sisi wakusanyaji wa sanamu za muvi tunaandaa maonyesho madogo mtaani, kabati tatu za vioo, na tumegawanyika. Wenzangu wanataka mapozi ya vita: goti limekunjwa, ngumi hewani, joho linapepea. Mimi nataka zisimame wima, uso mbele. Sanamu ya sm 30 ya Hot Toys, wale wa Hong Kong, imepakwa rangi mpaka mishipa ya jicho. Ukiinamisha kichwa na kupitisha mkono mbele yake, kazi yote ile nani ataiona? Leteni hoja.

Ngumi Hewani
Kaka, napinga kwa nguvu zote. Umelipia viungo zaidi ya 30 halafu unamsimamisha mtu kama mlinzi wa benki? Zile za muvi ya Star Wars za kampuni ya Kenner, za miaka ya sabini na ngapi sijui, zilikuwa na viungo vitano tu, shingo, mabega na nyonga. Zilisimama wima kwa sababu hazikuwa na namna. Leo kiwiko kinakunjika mpaka mkono unagusa bega. Kuzisimamisha ni kuzirudisha kwenye vile vinyago vya watalii, mzee na fimbo, mama na mtungi, vyote vimekakamaa kama vinangoja daladala.

Msoma Maboksi
Ni 1978, kimo sm 9.5 hivi. Na "hazikuwa na namna" si kweli. G.I. Joe, yule askari wa kampuni ya Hasbro, alitoka 1964 akiwa na sehemu 21 zinazocheza. Kenner walizifanya ndogo ili chombo cha kurukia nacho kiwe cha kushikika mkononi mwa mtoto. Walichagua.

Mzee wa Tezo
Mjukuu wangu kanisomea hapa kwamba vinyago vimekakamaa. Huyo kijana namjibu mimi.

Nimeshika tezo tangu sijaota ndevu. Dimongo unalijua? Gogo moja la mpingo, watu kumi na tano ndani yake, huyu kakanyaga bega la huyu, yule kamshika mwenzake kiunoni, mtoto kachungulia katikati ya miguu ya babu yake. Hakuna gundi, hakuna msumari. Nionyeshe aliyekakamaa humo. Wewe mdoli wako ukikosea mkono unaurudisha. Mimi mkono nauamua kabla sijapiga pigo la kwanza, na mpingo ni mgumu, unazima makali ya patasi mara tatu kwa asubuhi moja. Nikikosea, nimepoteza gogo.

Ngumi Hewani
Shikamoo mzee wangu. Sikusema Wamakonde, nilisema vinyago vya watalii. Ila tusifichane, vingi vya barabarani ni mti mweupe uliopakwa kiwi ya viatu ili uonekane mpingo. Mtalii akishika kwa mkono wenye jasho, anaondoka na vidole vyeusi. Hilo nalo ni sanaa?

Mzee wa Tezo
Marahaba. Kiwi umeiona kwangu? Njoo ukishike cha kwangu na mikono iliyolowa, halafu urudi hapa useme umeona nini. Mtu anayepaka kiwi ana watoto wa kulisha, na mnunuzi wake anataka mzigo kesho asubuhi kwa bei ya soda. Mlaumu mnunuzi kwanza.

Mama wa Magomeni
Bei ya mdoli mmoja ingeezeka banda la kuku. Watu wazima na ndevu zenu.

Kabati la Dunda
Dada yangu, hela ni yangu, sijamkopa mtu. Shemeji akinunua jezi mpya kila msimu hapigiwi kelele. Na siyo mdoli, ni sanamu.

Mama wa Magomeni
Ina nguo za kuvua na kuvaa? Basi ni mdoli.

Msoma Maboksi
Hasbro wenyewe mwaka 1964 walikwepa neno hilo, wakahofia wavulana hawatanunua mdoli. Kwa hiyo Mama si wa kwanza kusema.

Kiuno cha Sindimba
Naomba tusikilizane jamani. Mimi ni mcheza ngoma, nimesomea pale TaSUBa, chuo chetu cha sanaa, na nyote mnadhani uhai uko kwenye mkono ulioinuliwa. Hapana. Simama mbele ya kioo. Weka uzito mguu mmoja, mwingine ulegeze. Nyonga ya mguu uliobeba inapanda, bega la upande huohuo linashuka, shingo inajirudi kutafuta ulinganifu. Hujainua hata kidole na tayari wewe ni mtu anayetaka kuondoka. Jana nilijaribu kwa sanamu ya mdogo wangu. Nilikilegeza kiuno kidogo tu, nikashusha bega moja, uso nikauacha mbele. Mdogo wangu akaingia akasema, "Umembadilisha kichwa?" Kichwa sikukigusa.

Na mzee, dimongo lako ndivyo linavyofanya. Kila mmoja humo amebeba uzito wa mwenzake, unauona magotini.

Mzee wa Tezo
Binti kasema. Na yule Samaki Likankoa, miaka ya 1950, inasimuliwa kwamba kinyago kilimvunjikia mkono. Hakukitupa. Akakichonga upya, kikawa shetani. Mashetani wote mnaowaona, wa jicho moja, wa miguu iliyosokotana, inasemekana wametokea hapo.

Ngumi Hewani
Mzee, hapo umenipa mimi hoja! Shetani ni pozi la vita.

Mzee wa Tezo
Sikukupa. Umechukua.

Chumvi ya Pwani
Nawaambia jambo la kabatini. Hapa ni pwani. Nilikuwa na sanamu yenye koti la ngozi bandia, nikaikunja viwiko, silaha mbele. Mwaka wa pili nikaona unga mweusi chini ya miguu. Ngozi ilikuwa inabanduka pale pale kwenye mkunjo wa kiwiko, kama rangi ya dau kuukuu. Ile ni poliuretani, unyevu wa hewa unaivunja polepole, na mkunjo unaiharakisha. Nyingine ya plastiki laini ilisimama kwa mguu mmoja chini ya bati. Kufika Februari kifundo kimelegea, imelala usoni. Niliichovya kwenye maji ya moto, nikainyoosha, nikaitia maji baridi ikakaza. Koti halina dawa.

Ngumi Hewani
Weka stendi ya kiunoni.

Chumvi ya Pwani
Stendi inazuia koti kubanduka?

Mama wa Magomeni
Maonyesho ni lini? Watoto wananisumbua tangu nisome hapa kwa sauti.

Kabati la Dunda
Jumamosi ya mwisho wa mwezi, mama, kiingilio hakuna. Mzee wangu, naomba kitu kwa heshima. Kabati la katikati, rafu ya juu, nikuachie uweke dimongo moja.

Ngumi Hewani
Rafu hiyo ilikuwa ya kwangu, kaka. Tulikubaliana kikaoni.

Mzee wa Tezo
Rafu hiyo ni kioo? Langu lina futi mbili na nusu, wanalibeba vijana wawili. Kioo chako hakitafika adhuhuri. Tafuta meza ya mninga, miguu minene, iwekwe karibu na mlango. Na huyo kijana wa kiwi aje kulibeba.

Ngumi Hewani
Nakuja mzee. Saa ngapi?