Ombi la malipo likipitiliza muda: tulisitishe au tulisubiri?

Kasia_Mbili:
Ndugu wanajukwaa, habari zenu. Nimekabidhiwa programu iliyoandikwa kwa lugha ya Go inayouza tiketi za mabasi. Abiria akibonyeza kitufe cha kulipa, seva huanzisha gorutini (kazi inayoendeshwa sambamba na nyingine) inayotuma ombi kwa mtoa huduma wa malipo kwa simu, huku fanksheni kuu ikisubiri ama jibu lipite kwenye chaneli (njia ya kupitishia data kati ya gorutini), ama sekunde 5 za kipima muda time.After ziishe. Zikiisha, abiria huonyeshwa maneno "Malipo yameshindikana, jaribu tena". Matatizo ni mawili: kumbukumbu ya seva hupanda kutwa nzima mpaka tuizime na kuiwasha upya, na baadhi ya abiria hukatwa fedha mara mbili kwa kiti kimoja. Mwenzangu anashauri muda uwe sekunde 30. Mnaonaje?

Fundi Seva:
Ndugu Kasia, sekunde 30 hazitatibu hata moja kati ya hayo mawili. Katika Go hakuna njia ya kuiua gorutini kutoka nje. Yenyewe ndiyo inayopaswa kusikia kwamba haihitajiki tena na kuacha kazi. Lugha ya Java ilikuwa na Thread.stop, amri ya kuua kazi kutoka nje, lakini kwa kuwa kazi ikikatwa katikati huweza kuacha data nusunusu, matumizi yake yalianza kukatazwa tangu Java 1.2 ya mwaka 1998.

Nashuku chaneli yenu imeandikwa make(chan Jibu), bila nafasi ya akiba. Fanksheni kuu ikishaondoka, hakuna tena wa kupokea, kwa hiyo gorutini inapoleta jibu hukwama palepale kwenye kutuma hadi programu izimwe. Andikeni make(chan Jibu, 1), nayo itaweka jibu na kwenda zake hata kama hakuna anayelisubiri. Kisha, badala ya time.After, tumieni context.WithTimeout, inayotengeneza konteksti (kibeba ishara ya kusitisha kazi na muda wake wa mwisho), iliyomo katika maktaba ya msingi tangu Go 1.7 ya mwaka 2016, na ombi litengenezwe kwa http.NewRequestWithContext ili muda ukiisha ombi lenyewe likatwe. Mstari unaofuata uwe defer cancel(), yaani konteksti ifungwe fanksheni inapomalizika. Aidha, http.Client, inayotuma maombi hayo, isipowekewa kikomo cha muda haina kikomo chochote, jambo ambalo binafsi naliona ni mtego usio na sababu.

Bi. Mizania:
Ya kumbukumbu yameelezwa vyema, lakini mimi ningeanza na fedha za watu. Muda kuisha kwenye seva yenu hakumaanishi kwamba malipo yameshindikana. Kunamaanisha kwamba hamjui. Kusitisha hakurudishi ombi ambalo limeshafika upande wa pili, na huenda wakati huo abiria ndiyo kwanza anaingiza namba ya siri kwenye simu yake. Ninyi mnamwambia ajaribu tena, naye analipa tena.

Tengenezeni namba ya muamala kabla ya kutuma chochote, muihifadhi pamoja na kiti katika hali ya "inasubiri", na abiria akirudia itumike namba ileile, ilimradi mtoa huduma wenu huitambua na kukataa marudio. Hilo muulizeni kwa maandishi. Halafu iwepo kazi ya pembeni inayouliza hali ya muamala mpaka jibu la uhakika lipatikane.

Kasia_Mbili:
Nashukuru sana. Abiria akifunga kivinjari katikati, r.Context(), yaani konteksti ya ombi lake, husitishwa. Je, uandishi wa malipo kwenye hifadhidata nao utasitishwa?

Fundi Seva:
Ndiyo, iwapo mnaipitisha konteksti hiyohiyo kwenye ExecContext, amri ya kuandika kwenye hifadhidata, na hapo fedha zitakuwa zimekatwa bila nyinyi kuwa na rekodi. Kwa uandishi huo tumieni context.WithoutCancel ya Go 1.21, inayobeba thamani za konteksti mama, kama vile namba ya ufuatiliaji, bila kurithi usitishaji wake. Kwa kuwa hairithi pia muda wa mwisho, izungushieni WithTimeout mpya, tuseme ya sekunde 3. Lakini nisingependa kuiona kila mahali: anayetafuta viti akiondoka, utafutaji ukatwe mara moja.

Ongezeko dogo: konteksti mtoto haiwezi kumzidi mama. Mkiweka sekunde 10 chini ya konteksti iliyobakiwa na 4, mtapata 4.

Bi. Mizania:
Na kabla hamjagusa msimbo mwingine wowote, badilisheni maneno ya kwenye skrini yasomeke: "Tunasubiri uthibitisho wa malipo yako, tafadhali usilipe tena." Kiti kishikiliwe mpaka uthibitisho uje.