Mama ameanzishiwa atorvastatini: nazi, samli na balungi vipi?

Muulizaji, Kisauni
Asalaam aleikum. Mamangu, miaka 61, ameanzishiwa atorvastatini, dawa ya kushusha kolesteroli, miligramu 20, kidonge kimoja usiku. Daktari kasema "apunguze mafuta", basi. Nyumbani ni wali wa nazi, mbaazi na mahamri, samaki wa kupaka. Duka la dawa wamemkataza balungi. Jirani naye kaleta mafuta ya habasoda. Aache nini, abakishe nini? Na Ramadhani atameza saa ngapi?

Mfamasia
Waaleikum salaam. Balungi kwanza, maana watu hudhani ni suala la kupisha muda. Utumbo una kimeng'enya kinachovunja sehemu ya dawa kabla haijaingia damuni. Balungi hukizima, na mwili huchukua siku nzima au zaidi kutengeneza kingine. Kwa hivyo balungi la asubuhi bado lina nguvu kidonge kikimezwa usiku. Dawa hujaa damuni kupita kiasi, misuli ikaumia.

Simvastatini, dawa nyingine ya jamii hiyo (statini), ndiyo kali zaidi kwa balungi: anayeimeza asiguse hata glasi moja. Kwa atorvastatini onyo hasa ni juisi inayozidi lita 1.2 kwa siku. Rosuvastatini na pravastatini, statini pia, hazivunjwi sana na kimeng'enya hicho. Furungu na danzi mtie kapu moja na balungi. Chungwa tamu ale, na ndimu ya kukamulia samaki haina neno. Mimi ningemwambia aliache balungi kabisa, kuliko kukaa akihesabu glasi.

Mtaalamu wa lishe
Balungi si tunda la kila siku mezani pa Mswahili. Nazi ndiyo kazi. Statini hupunguza kolesteroli inayotengenezwa na ini, na ini likipungukiwa huongeza milango ya kunasia kolesteroli mbaya (LDL) kutoka damuni. Mafuta yanayoganda, kama ya nazi, samli na shahamu, huipunguza milango ile ile. Usiku mnaifungua kwa kidonge, mchana mnaifunga kwa chungu.

Nusu kikombe cha tui zito kina takriban gramu 20 za mafuta hayo. Mtu anayekula kalori 2,000 na kutaka kushusha LDL hulenga zisizidi gramu 13 kwa siku nzima. Kijiko kikubwa cha samli peke yake ni kama gramu 8.

Muulizaji
Kumbe kasimile, lile tui zito la kwanza, ndiyo kwaheri?

Mtaalamu wa lishe
Kasimile ya kila siku, ndiyo. Nazi yenyewe si lazima iachwe. Kuna iendayo chunguni na kuna iachwayo kifumbuni: chujeni tui la kwanza mliweke pembeni, mbaazi zipikwe kwa tui la pili na la tatu, kitunguu, bizari na pilipili mbichi. Tui jepesi nalo lina mafuta, basi liwekeni kwenye friji usiku kucha. Asubuhi mtakuta utando mweupe umeganda juu. Uondoeni kwa kijiko, pikieni maji ya chini. Ladha inabaki zaidi ya mnavyodhani. Unaopungua ni ule uzito wa mchuzi.

Mbaazi zenyewe msizipunguze! Nyuzinyuzi zinazoyeyuka majini, za mbaazi, kunde, maharagwe na bamia, zikifika gramu 5 hadi 10 kwa siku, hushusha LDL kwa asilimia 5 hivi. Kuongeza kidonge kutoka miligramu 20 hadi 40 huleta nyongeza ya asilimia 6 tu. Kosa la kiamsha kinywa kile ni mahamri na kasimile. Mkate wa mofa unafaa badala yake.

Mchangiaji, Marikiti
Msidanganywe na chupa iliyoandikwa "haina kolesteroli". Mafuta ya mimea hayana kolesteroli hata kidogo, yawe mazuri au mabaya. Tazameni yametokana na nini: ya mawese karibu nusu yake ni mafuta yanayoganda. Alizeti ni afadhali, vijiko vipimwe, yasimiminwe kwa macho. Na mama asinyimwe kamba: wana kolesteroli nyingi lakini mafuta yanayoganda ni kidogo mno. Shida huja wakizamishwa karaini. Vibua na jodari wa kuchoma na ukwaju, hao ale bila wasiwasi.

Mfamasia
Ramadhani: atorvastatini hukaa mwilini muda mrefu, kwa hivyo saa yoyote usiku inafaa, mradi iwe ile ile. Baada ya tarawehe ni rahisi kukumbuka. Simvastatini, ambayo huisha upesi, ibaki wakati wa kulala.

Habasoda isianzwe pamoja na dawa mpya. Vipimo vya ini vikibadilika au misuli ikiuma, hamtajua mchokozi ni nani. Pelekeni chupa kwa mfamasia wenu aisome. Akitumia isabgol, unga wa nyuzinyuzi wa kulainisha choo, anywe na glasi nzima ya maji, dawa aipishe masaa mawili. Akiandikiwa klarithromaisini au erithromaisini, dawa za kuua bakteria, aseme anameza statini. Misuli ikiuma bila sababu na mkojo ukawa kama chai ya rangi, aende hospitali siku hiyo hiyo.

Damu irudiwe kupimwa kati ya wiki ya 4 na ya 12.

Muulizaji
Shukran sana. Na viazi karai?

Mtaalamu wa lishe
Viwili, Ijumaa, na chatne ya ukwaju. Mafuta yaliyokwisha kukaangiwa mara tatu myamwage.