Malupango (viwanja vya nyumba) ya Kamalondo na Kenya, Lubumbashi, yanageuka depo: tumuulize Kinshasa au tujiulize sisi?

Mwana Kamalondo (anafungua mjadala)

Bandugu wa Lubumbashi, naleta hoja, na naomba tuijadili bila kutukanana. Kwenye avenyu nyingi za komini ya Kamalondo (komini ni sehemu ya mji yenye utawala wake), na upande wa komini ya Kenya unaokaribia soko, nyumba za matofali za wazee wetu zinauzwa na kuvunjwa. Mahali pake panasimama ukuta mrefu wenye geti la chuma. Nyuma ya geti haishi mtu. Kuna magunia ya unga wa Zambia, katoni za mafuta ya kupikia, matairi. Malori yaliyotoka Kasumbalesa, mpakani na Zambia, yanashusha mizigo usiku wa manane, na asubuhi avenyu imekuwa mashimo. Mwembe umekatwa. Kisima tulichokuwa tunakimbilia mabomba ya REGIDESO, kampuni ya maji, yakikauka sasa kiko ndani ya geti, na mlinzi hamjui mtu.

Kila nikiligusa jambo hili naambiwa: "Ni politike hiyo, ni Kinshasa." Mimi nasema jibu hilo lina ukweli, lakini pia tunajifichia humo.

Ukweli wake kwanza. Katiba ya 2006, ibara ya 175, inasema 40% ya mapato ya taifa yanayokusanywa jimboni yabaki jimboni, yakatwe pale pale yanapopatikana. Tunachokiona ni pesa kupanda Kinshasa na kurudi kidogo kidogo, kwa kubembeleza. Mwaka 2015 Katanga ikakatwa vipande vinne: Haut-Katanga, Lualaba, Haut-Lomami na Tanganyika. Kolwezi ikaenda Lualaba na kobalti yake, sisi tukabaki na heshima ya kuitwa mji mkubwa. Na kabla ya hapo, 2003, Gécamines, kampuni ya migodi ya Dola, iliwatoa wafanyakazi zaidi ya 10,000 kwa kile walichokiita kuondoka kwa hiari. Mishahara hiyo ndiyo ilikuwa inabadilisha mabati na kupaka chokaa nyumba hizi ninazozililia. Hapo sibishi.

Lakini hakuna waziri aliyepanda ndege kuja kuuza lupango ya jirani yangu. Waliouza ni watoto wa marehemu, wamekaa kwenye viti vya plastiki, shefu wa kartie (mtaa) akiwa shahidi na bahasha yake mfukoni. Wengine katika ukoo walisikia habari baada ya ukuta kujengwa. Hoja yangu basi: komini ikataze kugeuza nyumba ya kuishi kuwa depo ndani ya avenyu za site, yaani mitaa ya zamani ya Waafrika, mpaka majirani wa pande zote wakubali kwa maandishi. Na tulidai hili hapa hapa, bila kungojea kura ya 2028. Mnasemaje?

Mama wa Soko Kenya

Papa, miye nauzisha unga ku soko ya Kenya, acha niseme na Kiswahili yetu. Ule mutu wa depo unamusema vibaya, njo ananipatiaka mifuko kwa deni. Asubuhi nabeba, mangaribi nalipa. Depo ikihamishwa kule mbali ku njia ya Kipushi, transport nani atalipa? Weye? Bei ya unga itapanda, na bale benye kulia leo juu ya mwembe, kesho batalia juu ya bukari (ugali).

Tena sikia. Shiye tulikuwa batoto saba mu lupango moja. Papa yetu alikufa, mabati ikatoboka, kila mutu iko na bibi ao bwana yake, kila mutu anataka chumba. Mvua ikinyesha tunaweka masafuria chini. Tukauzisha, tukagawanya falanga. Miye nikanunua kiwanja ku komini ya Annexe, leo niko na nyumba yangu, ata kama wewa (mutu wa pikipiki) ananilipisha mingi kufika soko. Hakuna mutu alitudanganya. Tulichoka. Kama komini inatukataza kuuzisha kwa mutu wa depo, itatupatia nani mwengine mwenye falanga? Mwalimu? Mwalimu mwenyewe iko na deni kwangu.

Mwana Kamalondo

Mama, heshima kwako. Sisemi msiuze. Nasema anayenunua asigeuze matumizi bila kumuuliza jirani. Ni vitu viwili.

Mama wa Soko Kenya

Kwa mwenye kuuzisha ni kitu moja. Ukimufunga mununuzi mikono, bei inaanguka.

Wa Kalukuluku

Nyinyi wa Kamalondo mnalia malori. Sisi wa Kalukuluku, komini ya Ruashi, tumepakana na mgodi. Nyufa kwenye ukuta wangu hazikuletwa na lori la unga, na vumbi linaloingia kwenye sufuria si vumbi la kawaida.

Nataka niongeze jambo ambalo mwenye hoja hakuligusa, maana anapiga kelele kuhusu 40% na kuna pesa iliyo karibu zaidi. Kanuni ya Madini iliyorekebishwa 2018 inagawa mrabaha (malipo ya kampuni kwa madini inayochimba) hivi: 50% serikali kuu, 25% jimbo, 15% eneo la chini ambalo mgodi umo, yaani komini, sekta ao usultani, na 10% mfuko wa vizazi vijavyo. Ile 15% haitakiwi kupitia Kinshasa. Kampuni inalipa moja kwa moja kwa komini. Juu ya hiyo kuna 0.3% ya mauzo kwa ajili ya maendeleo ya watu wanaozunguka mgodi. Sasa niambieni, ni nani kati yetu amewahi kwenda komini kuuliza: mwaka huu mmepokea kiasi gani, mmejenga nini? Tunaijua hesabu ya mabao ya timu ya Mazembe kuliko hesabu ya komini.

Kwa hiyo upande huu niko na mwenye hoja. Ila kuna kitu kinaniumiza kichwa. Novemba 2025 maji machafu ya kiwanda kimoja cha madini yaliingia mitaani upande wa Annexe, huko huko anakosema mama amejenga. Aliyesimamisha kazi za kampuni alikuwa waziri wa migodi, kutoka Kinshasa. Burgumestri, mkuu wa komini, hakuwa na nguvu hiyo. Sasa tunamwambia mtu asiyeweza kuzuia maji ya sumu azuie depo la unga?

Mzee wa Kambi

Watoto, nimesoma yote. Nimezaliwa katika kambi ya wafanyakazi ya Union Minière, kampuni ya migodi ya Wabelgiji, nimefanya kazi Gécamines mpaka nguvu zikaisha. Mnavyoisimulia site ya zamani mtu atadhani ilikuwa paradiso. Kamalondo iliwekwa pale na Wabelgiji miaka ya 1920, na kati yake na mji wa Wazungu waliacha eneo tupu ili mbu wetu na sauti zetu visiwafikie. Katuba na Ruashi zilikuja baadaye, miaka ya 1950, kwa mpango ule ule wa kututenga. Na kwenye kambi, nyumba haikuwa yako. Kampuni ilipaka chokaa, ikatoa posho ya unga, ikahesabu watoto wako. Ukiacha kazi, unafunga virago. Mwaka 1941 watu waliomba mshahara, wakapigwa risasi hapa hapa mjini.

Mimi sililii matofali. Ninacholilia ni kwamba zamani nilimjua wa kumwendea, hata kama alinifukuza. Leo naenda komini wananituma mjini, mjini wananituma jimboni, jimboni wananiambia waraka uko Kinshasa.

Mukatanga

Mnazunguka mbuyu. Semeni ukweli: ni watu wa Kasai. Wanashuka kwenye treni kila siku, wamejaa kwenye pikipiki, wamejaa sokoni, na tangu politike igeuke ndio wenye pesa za kununua. Mukiwaondoa hao, site itarudi.

Mutoto wa Katuba

Nilijua utafika tu. Haya, nikujibu mara moja. Babu yangu aliletwa na reli kufanya kazi hapa kabla baba yako hajazaliwa. Baba yangu amezaliwa Katuba, mimi pia. Mwaka 1992 na 1993 maneno haya haya yalianza kwa utani, kisha redioni, kisha kwenye mikutano. Kule mji wa Likasi watu walilala kwenye stesheni wiki nyingi wakingojea treni ya kuwapeleka Kasai, nchi ambayo wengi hawakuwahi kuiona, na wako waliofia pale pale. Nyumba zao zilichukuliwa na majirani. Je, site ilirudi? Mukatanga, jibu hilo tu. Mabati ya Likasi yaliacha kutoboka?

Na kuhusu depo: lile linalopakana nasi ni la mtu wa hapa hapa, wa kabila lako, anasali kanisa moja na mama yangu.

Mwana Kamalondo

Mukatanga, umesikia. Hapa tunajadili kuta na karatasi, si kabila. Ukirudia, sitakujibu, na nawaomba wengine msimjibu. Tuendelee.

Mwanafunzi wa Kasapa

Nasomea sheria chuo kikuu, kule Kasapa, nisameheni nikiwa mrefu. Mwenye hoja anasema hakuna waziri aliyekuja kuuza lupango. Kweli, lakini Kinshasa imo ndani ya kila mauzo, na nitaonyesha mlango inakoingilia.

Sheria ya ardhi ya Julai 20, 1973 inasema ardhi yote ni mali ya Dola. Wewe mwenye lupango una haki ya kuitumia tu, na haki hiyo inathibitishwa na hati moja, setifika ya usajili, inayotolewa na konservateri. Konservateri ni mtu wa wizara ya ardhi, na wizara iko Kinshasa. Sasa wazee wetu wengi wa site hawana setifika. Wana karatasi za zamani za komini zilizochakaa, na wengine wana ushahidi wa majirani tu. Anayekuja na dola ananunua kwa bei ya mtu asiye na hati, kisha anapanda kwa konservateri na kutoka na hati iliyokamilika. Bei inapanda siku hiyo hiyo. Hapo ndipo faida ilipo, na ndiyo sababu Mama wa Soko anaona hakudanganywa: hakuna aliyemwambia kwamba karatasi ile ingemwongezea bei kuliko mabati mapya.

Kwa hiyo mimi nisingeanza na kukataza depo. Ningeanza na familia kupata setifika kabla ya kuuza, yenye majina ya warithi wote. Watoto wa marehemu watano hawawezi kuuza kisirisiri kama majina saba yameandikwa.

Jambo la pili ni hilo la politike. Tangu Rais atangaze kule Kisangani, Oktoba 2024, kwamba ataunda tume ya kuandika katiba nyingine, mji huu umegawanyika. Kila mtu anaijua ibara ya 220 kwa kichwa, ile inayofunga idadi na muda wa vipindi vya Rais. Mezani kwa munkoyo (kinywaji cha mahindi) watu wanagombana hadi usiku. Sawa, ni jambo kubwa. Lakini ibara ya 175 ya mwenye hoja haina mashabiki. Sijaona mtu akivaa fulana yake. Wanaotaka katiba ibadilike na wanaotaka ibaki, wote wawili hawatuambii avenyu ya Kamalondo itapata nini.

Mama wa Soko Kenya

Mwanangu wa Kasapa, unaongea muzuri. Ila hiyo setifika inaombaka falanga ngapi? Miye nilienda kuuliza juu ya kiwanja yangu ya Annexe. Ofisi ya kwanza bei moja, ofisi ya pili bei ingine, kijana wa ku mulango naye anaomba ya soda. Nikarudia nyumbani. Karatasi yangu ni ya shefu tu, paka leo.

Mwanafunzi wa Kasapa

Mama, hilo sina jibu lake. Bei ya kwenye waraka ninaijua, ya mlangoni siijui.

Wa Kalukuluku

Njo pale! Ndiyo maana nasema pesa ya komini. Kama komini yenye mgodi inapokea ile 15%, kwa nini isilipie familia za site gharama za kupima viwanja kwa jumla, avenyu nzima kwa siku moja? Mpimaji akija kwa watu wote hawezi kumlipisha kila mtu ya soda.

Mwana Kamalondo

Kalukuluku, hapo utagombana na mimi, maana Kamalondo ni komini ndogo kuliko zote saba za mji huu na haina mgodi hata wa kuchimba mchanga. Ruashi na Annexe mtapimiwa, sisi tutabaki na geti la chuma. Wazo ni zuri, lakini linafaa wenye shimo.

Wazo la kuandika warithi wote nalichukua. Naliweka mbele ya hoja yangu ya kwanza, si mahali pake. Depo nalo silisamehe. Mama anasema bei ya unga itapanda. Inawezekana. Lakini lori la tani 30 kwenye avenyu iliyotengenezwa kwa baiskeli linavunja mabomba ya REGIDESO, na maji tunayonunua kwa bidoni nayo yana bei, sema hatuyahesabu kwenye unga.

Mutoto wa Katuba

Mmesahau mtu mmoja. Desemba 20, 2023, tulipopiga kura ya Rais, tulipewa pia kura ya madiwani wa komini. Wachache walijua walikuwa wanachagua nini, mimi mwenyewe nilimpigia mtu kwa sababu ya picha. Sheria inasema madiwani hao ndio wamchague burgumestri. Bado tunaletewa wa kuteuliwa. Kabla ya kumwandikia Kinshasa, ao kumkataza mtu wa depo, kwa nini tusimtafute diwani mmoja mmoja, aje akae kwenye kiti kile kile cha plastiki na atueleze komini yake ina kauli gani juu ya lupango?

Mzee wa Kambi

Diwani wa kwetu namjua. Ana depo.